Msasa upi kwa kitanda cha paini na kabati la mninga?

*Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Mafinga, nimefungua karakana ndogo ya vitanda na makabati. Natumia zaidi paini, na mninga mara mojamoja mteja akileta mbao zake. Msasa unanitesa. Kwenye paini unajaa utomvu kabla sijamaliza hata upande mmoja wa kitanda. Halafu nikishika mbao naiona laini kabisa, lakini nikipaka vanishi mikwaruzo yote inajitokeza. Dukani wananiambia nichukue namba kubwa, ndiyo inayolainisha. Wengine wanasema msasa mweusi wa maji ndio unaodumu. Ninunue upi? Na huu uliojaa utomvu niutupe au unasafishika?*

Marahaba, kijana wangu. Kamwene na kwa mafundi wenzako wa Mufindi.

Nianze na mikwaruzo, maana ndiyo inayokukosesha wateja. Msasa kazi yake ni kukwaruza. Kila namba inaacha mikwaruzo ya ukubwa wa punje zake, na namba inayofuata inaletwa kufuta mikwaruzo hiyo na kuacha midogo zaidi, mpaka ufike mahali ambapo jicho haliioni tena. Punje za namba 60 zina wastani wa mikroni 269 (mikroni elfu moja ni milimita moja), zaidi kidogo ya robo ya milimita. Za namba 80 ni mikroni 201, za 120 ni 125, za 180 ni 82, na za 240 ni 58 na kitu. Sasa fundi aliyeanza na 60 kisha akarukia 180, kwa sababu ameambiwa namba kubwa inalainisha, anafanya nini? Punje ndogo za 180 zinakata vilele tu vya mikwaruzo ya 60. Mabonde yanabaki chini. Kiganja kinapita juu ya vilele vilivyokatwa na kuona laini, ndiyo maana unaamini umemaliza. Vanishi, na hasa ile yenye rangi, inateremka kwenye mabonde na kutuama humo, na mistari yote inasomeka.

Kwa hiyo ushauri wa dukani, ukiufuata peke yake, utakuongezea ugonjwa. Unachokosa ni namba za katikati, na muda ambao hukuupa ile ya kwanza.

Kanuni ninayowapa vijana ni kutozidi mara moja na nusu kutoka namba moja hadi nyingine. Ukianza na 80, nenda 120, kisha 180. Hizo tatu zinatosha karibu kila kitanda na kabati la mbao utakalotengeneza. Kama randa yako ni kali na umeipiga vizuri, anza moja kwa moja na 120. 80 unaihitaji pale tu penye alama za msumeno, alama za mashine ya randa, au maungio ambayo hayajalingana. Namba 60 na 40 ni za kuondoa rangi ya zamani na kupunguza mbao iliyopinda. Ukijikuta unanunua 40 kila wiki, noa randa.

Muda mwingi uumalizie kwenye namba ya kwanza. Hapa ndipo vijana wengi wanapoharakisha, kwa sababu 80 haileti raha ya kushika, wanataka wafike kwenye 180 wauone ulaini. Lakini namba ya kwanza ndiyo inayosawazisha uso. Zile zinazofuata zinafuta tu alama zake, na hazihitaji muda mrefu. Chukua penseli, chora mistari hafifu ya kupindapinda juu ya ubao wote, kisha piga msasa mpaka penseli iishe yote. Panapobaki alama ni pabonde. Ukihamia namba nyingine, chora tena. Kabla ya kuhama, futa vumbi kwa brashi au kitambaa, kwa sababu punje za 80 zilizong'oka zikibaki juu ya mbao, msasa wako wa 120 utazikokota na kuchora mistari mirefu ambayo hutajua imetoka wapi.

Mwisho wa kila hatua washa tochi ya simu, ilaze pembeni ya ubao ili mwanga upite juu ya uso badala ya kumulika kutoka juu. Mkwaruzo wowote utaonyesha kivuli chake. Ukitaka uhakika zaidi, pangusa mbao kwa kitambaa chenye tina kidogo, ile ya kuzimulia vanishi. Kwa sekunde chache itaonekana kama itakavyokuwa ikishapakwa vanishi, kisha tina inapaa. Nakuomba uifanye hii kabla ya kufungua kopo lolote. Kurudi kwenye 120 wakati mbao bado ni tupu ni kazi ya dakika chache. Kurudi baada ya vanishi kukauka ni kazi ya siku.

Kuhusu uelekeo: piga kufuata nyuzi za mbao, si kukatisha. Penye ulazima wa kukatisha, kama kwenye kiungo cha mguu na mbavu ya kitanda, malizia kwa kufuata nyuzi za kila kipande peke yake.

Haya, tuje kwenye paini. Mbao zenu nyingi huko zinatoka Sao Hill na kwenye mashamba ya watu binafsi kuizunguka, na kwa sehemu kubwa ni ile paini inayoitwa kitaalamu *Pinus patula*. Ina utomvu, hilo halikwepeki. Ila mara nyingi kinachoujaza msasa mapema ni unyevu kuliko utomvu wenyewe. Mbao inatoka kwenye mashine ya kupasulia ikiwa mbichi, inapakiwa, inauzwa, na wiki ileile ni kitanda. Liangalie vumbi linalotoka chini ya msasa wako. Likiwa kavu, linaruka na kuanguka kama unga. Likijikunja kuwa vidonge vidogo vinavyoshika kwenye karatasi, mbao haijakauka, na hakuna msasa wa bei yoyote utakaokusaidia. Zaidi ya hapo, nyuzi za mbao mbichi hazikatwi, zinalala tu na kuinuka tena baadaye, ndiyo maana kitanda kilichokuwa laini Jumatatu kina manyoya Ijumaa.

Panga mbao zako kwa kuzitenganisha na vijiti ili upepo upite kati yake, ziinue kutoka chini, zifunike juu zisinyeshewe wala kupigwa na jua moja kwa moja. Kwa baridi na ukungu wa Mafinga wa mwezi wa sita na wa saba zitachelewa, ongeza subira.

Paini ina jambo jingine ambalo watu wachache wanaliangalia. Kila pete ya mti ina sehemu laini, nyeupe, iliyoota haraka, na sehemu ngumu, nyeusi kidogo, iliyoota polepole. Ukishika msasa kwa vidole peke yake, vidole vinabonyea na kuchimba sehemu laini, sehemu ngumu inabaki juu. Matokeo yake ni uso wa mawimbi madogo, na mawimbi hayo yanaonekana vibaya sana kwenye vanishi inayong'aa. Tengeneza kibao cha msasa. Kata kipande cha mbao kinachojaa kiganjani, kigundishie kipande cha kandambili ya zamani upande mmoja, na zungushia karatasi juu yake. Hiyo raba ina ugumu wa kutosha kubaki bapa na ulaini wa kutosha kusambaza shinikizo. Karatasi ya kawaida ina milimita 230 kwa 280. Igawe mara nne na kila kipande kitakutosha kibao kimoja. Unapopiga sehemu za mviringo kwa mkono, kunja kipande sehemu tatu badala ya mbili, ili upande wenye punje usisagane na upande mwingine wenye punje.

Sasa aina ya msasa wenyewe. Geuza karatasi, soma mgongo wake. Cha kwanza unachotafuta ni punje za oksidi ya alumini. Ndizo za kahawia, nyekundu au nyeupe, ndizo zinazofaa kazi nyingi za mbao. Ni ngumu, haziishi haraka, na zikipigwa zinapasuka kidogo na kutoa ncha mpya. Ganeti, ile yenye rangi ya chungwa, inakata vizuri na kuacha uso mzuri kwa mkono, lakini inachakaa mapema, na siku hizi huipati kirahisi kwenye maduka yetu. Punje za zirkonia na seramiki ni za mikanda na diski za mashine, kazi nzito. Kwa kibao cha mkono ni hela unazitupa.

Cha pili, kwa paini hasa, ni jinsi punje zilivyopandwa. Kuna msasa ambao punje zimejaa uso wote bila nafasi, na kuna ambao zimefunika kati ya nusu na asilimia 70 ya uso, nafasi nyingine imeachwa wazi ili vumbi lipate pa kukaa na pa kutokea. Kwa mbao laini yenye utomvu chukua huu wa pili. Bora zaidi ni ule uliopakwa juu yake unga mweupe wa stearati ya zinki au ya kalisi, ambao unafanya vumbi na utomvu visishike. Utautambua kwa weupe wake wa chaki, na ukipitisha kidole unaacha alama. Bei yake iko juu, lakini kwenye paini unafanya kazi ya karatasi kadhaa za kawaida, na mimi siuoni kama anasa kwa fundi anayetengeneza vitanda vya paini kila siku.

Cha tatu ni mgongo. Karatasi zina herufi za uzito: A ndiyo nyepesi kabisa, kisha B, C, D, E na F. A inafaa namba kubwa na kazi ya kulainisha vanishi. Kwa 80 na 120 tafuta C au D, vinginevyo itachanika kwenye kona ya kwanza ya mguu wa kitanda. Msasa wa kitambaa una herufi J, ambao unapindika, na X, ulio mgumu. Ule wa roli unaouzwa kwa mita, mwingi ni kitambaa, na kwa miguu iliyochongwa mviringo hauna mpinzani: kata utepe, ushike pande zote mbili, vuta huku na huku. Kwenye uso bapa sioni sababu ya kulipia kitambaa.

Ukiwa bado dukani, kunja kona ya karatasi. Punje zikimwagika, au ukiona gundi inapasuka na kubanduka, rudisha. Kisha sugua karatasi mbili uso kwa uso mara moja. Msasa mzuri utatoa vumbi kidogo sana, mbovu utakuachia changarawe kiganjani. Muuzaji atanung'unika. Mwache anung'unike, ni hela yako.

Msasa mweusi wa maji. Hao wanaokwambia unadumu hawakudanganyi, ila wanazungumzia kazi nyingine. Punje zake ni kabaidi ya silikoni, kali kuliko oksidi ya alumini na pia rahisi kuvunjika. Ule wa kutumika na maji ulitolewa na kampuni ya 3M ya Marekani mwaka 1921, na soko lake kubwa la mwanzo lilikuwa rangi za magari, ambako maji yanazuia vumbi kuruka na kusafisha karatasi papo hapo. Mpaka leo ndiyo kazi yake: rangi, vanishi, chuma. Kwenye paini tupu utakusumbua mara mbili. Punje zake zimejaa bila nafasi, hivyo utomvu unaziba mara moja, na vipande vyeusi vinavyovunjika vinaingia kwenye mbao nyeupe na kuacha madoa. Ukitumia na maji, ndiyo umeinua nyuzi zote. Uwe nao, lakini wa namba 320 na 400, kwa kugusa vanishi kati ya koti na koti. Mguso mwepesi tu, mpaka mng'ao upotee na uso uwe wa maziwa, kisha futa na upake koti linalofuata.

Kwenye namba hizo kubwa angalia kama kuna herufi P mbele ya namba. P ni kipimo cha Ulaya. Namba isiyo na P mara nyingi ni ya kipimo cha Marekani. Mpaka kwenye 220 hivi vinakaribiana na huhitaji kujali. Baada ya hapo vinaachana: 400 ya Kimarekani ina punje za takribani mikroni 23, inalingana na P800, wakati P400 ni mikroni 35. Ukichanganya pakiti mbili za "400" utashangaa kwa nini moja haikati.

Je, uishie namba ngapi? Kitu kitakachopakwa rangi ya mafuta, ishia 120 au 150. Rangi inapenda uso wenye kushika, na hakuna atakayeiona 180 chini ya rangi. Vanishi, ishia 180. Mafuta au nta bila vanishi, nenda 220 au 240. Kichwa cha mbao, pale ilipokatwa, kinakunywa sana na kugeuka cheusi kuliko uso. Kipandishe hatua moja zaidi ya sehemu nyingine na rangi italingana. Kwenda 400 kwenye paini tupu hakukupi chochote, na kama unatumia vanishi ya rangi utaifanya ishindwe kuingia, ikae juu na madoamadoa. Ukitumia vanishi ya maji, kabla ya namba ya mwisho pangusa mbao kwa kitambaa chenye unyevu, iache ikauke, nyuzi zitainuka, kisha zikate kwa 180 ileile bila kukandamiza.

Mninga ni mtoto mwepesi. Haujazi msasa, unakubali 120 na 180 bila ugomvi, na kwa kabati la mteja anayelipa naongeza 240 kwa sababu rangi yake inastahili. Tatizo la mninga ni vumbi: linawasha pua, na kwa baadhi ya watu linaleta pumu. Mvule nao vilevile, na una tabia ya kuficha vijiwe vya chokaa ndani yake. Ukiona msasa mpya umekatika mstari ghafla, tafuta doa jeupe gumu kwenye ubao. Usiligeuze jambo la vumbi kuwa ushujaa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliorodhesha vumbi la mbao mwaka 1995 kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua, na mbao ngumu ndizo zinazotajwa zaidi. Kitambaa ulichofunga usoni kinazuia vipande unavyoviona, si vile vinavyofika mapafuni. Nunua barakoa yenye alama ya N95 au FFP2, na piga msasa nje ya karakana hali ya hewa ikiruhusu.

Mkaratusi, kama unautumia, una tanini nyingi, kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao. Usiupige kwa msasa uliokwisha kupita kwenye chuma, maana vumbi la chuma likikutana na tanini na unyevu linaacha madoa meusi ambayo hayatoki kwa kusugua. Kwa kweli tenga msasa wa chuma na wa mbao kabisa, mbao yoyote iwe.

Hukuuliza kuhusu mashine, lakini najua utafika huko. Ile ya diski inayozunguka huku ikitikisika, ya milimita 125, ndiyo ya kwanza kununua. Iache ijibebe kwa uzito wake, isogeze polepole. Ukiikandamiza inachora vimduara kama mikia ya nguruwe, na utavikuta chini ya vanishi. Grenda yenye diski ya msasa, ambayo naiona kwenye karakana nyingi za Mwanjelwa mpaka Makambako, iache kwa kuchonga. Haiwezi kumalizia uso bapa, hata aishike fundi gani.

Akiba yako ya karatasi usiiweke sakafuni kwenye saruji. Karatasi hunyonya unyevu, hujikunja, na ile iliyogandishwa kwa gundi ya ngozi hulegea na kumwaga punje. Kwa mafundi wa Tukuyu, ambako mvua haiishi, hili ni tatizo la mwaka mzima. Ilaze juu ya rafu, kati ya vipande viwili vya plaiwudi, ndani ya mfuko wa nailoni.

Kuhusu karatasi zako zilizojaa utomvu: zikiwa zimejaa vumbi tu, zipige kwa mgongo kwenye ukingo wa benchi, kisha sugua kwa brashi ya nailoni, zitarudi kazini. Diski na mikanda ya mashine unaisafisha ikiwa inazunguka, kwa kuigusisha kipande cha raba mbichi, ile laini ya rangi ya asali inayotumika kwenye soli za viatu. Inakamata utomvu na kuung'oa. Lakini karatasi ya mkono ambayo utomvu umeshayeyuka kwa joto na kuganda juu ya punje, na ukiipapasa haikwaruzi ngozi, hiyo imekwisha. Ukiendelea nayo utakandamiza zaidi, na utaona alama zake baada ya vanishi. Itenge ya kusugulia kutu kwenye makomeo na bawaba za zamani, na ya 80 mpya ichukue leo kabla hujaanza upande wa pili wa hicho kitanda.